Kauli ya Kutendwa: Matumizi ya "na" na "kwa" katika Maelezo ya Jengo

Tumekwisha kuona jinsi kauli ya kutendwa inavyoundwa: jenga, jengwa, ezeka, ezekwa, fungua, funguliwa. Sasa tutazame kinachofuata kitenzi hicho. Mifano yetu inahusu Hoteli ya Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 25 Desemba 1904, miaka mitano baada ya reli kufika huko, wakati majengo mengi ya mji yalikuwa ya mabati.

(a) Hoteli ilijengwa kwa mawe.
(b) Hoteli ilijengwa na mafundi.

"Kwa" hutangulia kifaa au mali ghafi. "Na" hutangulia mtenda. Wanafunzi wetu wa Jinja na Mbale huandika "ilijengwa na mawe", kana kwamba mawe yalijipanga yenyewe.

(c) Hoteli ilijengwa na Ringer na Winearls.

Sentensi hii haina kosa la sarufi, lakini inapotosha. Hao walikuwa waanzilishi. Kuta zilisimamishwa na wengine. Kauli ya kutendeshwa inafaa zaidi: "Hoteli ilijengeshwa na Ringer na Winearls." Kiambishi -esh- huwarudishia mafundi nafasi yao, ijapokuwa hawatajwi kwa majina.

Tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka hotelini humo, likaua watu zaidi ya 10. Linganisha:

(d) Sehemu ya hoteli ilibomoka.
(e) Sehemu ya hoteli ilibomolewa na bomu.
(f) Sehemu ya hoteli ilibomolewa kwa bomu.

Zote ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, (d), iliyo katika kauli ya kutendeka, haimpi mtenda nafasi yoyote. Ukuta uliochakaa nao hubomoka. Katika (e) bomu limefanywa mtenda, sawa na upepo katika "paa liliezuliwa na upepo". Katika (f) bomu ni kifaa, na kifaa kina mwenye kukitumia. Kwa taarifa ya mauaji, sisi tunachagua (f).

Zoezi
Hoteli ya Ripon Falls ya Jinja ilipewa jina la maporomoko yaliyofunikwa na maji baada ya Bwawa la Owen Falls kujengwa, bwawa lililozinduliwa mwaka 1954. Tunga sentensi moja yenye "yalizama" na nyingine yenye "yalizamishwa" kuhusu maporomoko hayo. Eleza ni ipi utakayowafundisha watoto wa Jinja, na kwa nini.