Weka Sawa Rangi za Skrini Kabla ya Kugusa Picha

Picha za mahafali zinapotoka kwenye mashine ya kuchapa zikiwa na giza, nyuso hazitambuliki na joho jeusi limeungana na kiti, wa kwanza kulaumiwa huwa mwenye mashine. Yeye naye humlaumu mpiga picha. Mara nyingi chanzo ni skrini ya kompyuta mpya iliyotumiwa kutengeneza picha hizo. Hasara humwangukia mpiga picha, kwa sababu mzazi aliyelipia picha ya mwanawe hatalipa mara ya pili, na karatasi ikishachapwa haiwezi kurudishwa.

Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwangaza mkali na rangi zilizokolezwa. Dukani, zikiwa zimepangwa kando kwa kando chini ya taa kali, ile inayong'aa zaidi ndiyo humvuta mnunuzi. Mtu akitengeneza picha kwenye skrini ya namna hiyo huiona imekuwa nyeupe mno, kwa hiyo huipunguza mwangaza mpaka macho yake yaridhike. Karatasi haina taa nyuma yake, na picha ikifika hapo hutoka na giza. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kosa hili huonekana mapema, kwa kuwa vivuli vyepesi vya usoni ndivyo hupotea kwanza. Tatizo lenyewe lina historia: kwa miaka mingi kadi za Kodak zilizotumiwa na maabara za picha kupimia rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu.

Mwenye kompyuta mpya aanze na chumba. Skrini isielekezwe dirishani, na iwashwe kwa nusu saa hivi kabla ya kupimwa. Azime ile hali ya usiku inayoifanya skrini iwe ya manjano, pamoja na mpangilio wa kubadilisha mwangaza wenyewe kila betri inapopungua. Anayetumia kipakatalishi cha bei nafuu achunge pia pembe ya kukaa. Kwenye skrini nyingi za aina hiyo, picha moja huonekana nyeupe ikitazamwa kutoka juu na nyeusi ikitazamwa kutoka chini, kwa hiyo aitazame daima kwa pembe ileile.

Hatua yenye faida kubwa kuliko zote haihitaji pesa. Fungua ukurasa mtupu mweupe kwenye skrini, kisha shika karatasi nyeupe ya kuchapia kando yake. Punguza mwangaza wa skrini mpaka weupe wake ukaribiane na ule wa karatasi. Wengi hushangaa wanavyolazimika kuushusha. Wataalamu wa uchapaji hufanya kazi kwenye mwangaza wa kandela 80 hadi 120 kwa kila mita mraba, na skrini mpya huweza kuvuka kiwango hicho mara mbili au zaidi.

Kisha bonyeza vitufe vya skrini na uchague hali iitwayo sRGB. Ikikosekana, chagua ile ya kawaida na uache zile za michezo na sinema. sRGB ni kipimo cha rangi kilichobuniwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka 1996, na kikawa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Studio nyingi za kuchapa picha hukitegemea, kama zinavyokitegemea simu nyingi. Palipo na nafasi ya kuchagua joto la rangi, weka 6500.

Kwenye Windows, andika neno “calibrate” katika kisanduku cha kutafuta. Programu ndogo itafunguka na kuonyesha picha ya mwanamume aliyevaa suti. Rekebisha mpaka shati litofautiane na suti, na ile alama ya X iliyo nyuma yake ionekane kwa shida tu. Mbele zaidi kuna mistari ya kijivu. Ikiwa ina wekundu au ubuluu, sogeza vidhibiti mpaka kijivu kibaki kijivu. Anayefanya kazi hii kila siku atafaidika na kifaa cha kupimia kinachowekwa juu ya skrini, na hakuna kinachozuia studio tatu za soko moja kununua kimoja kwa pamoja.

Baada ya hapo ndipo suala la programu linafaa. Kukata picha na kuongeza mwanga kidogo, programu iliyokuja na kompyuta inatosha. Kubadilisha mandhari ya nyuma, kufuta doa au kuandika jina, GIMP hufanya kazi hiyo bila malipo, nayo imekuwapo tangu mwaka 1996. Mwenye kamera inayohifadhi picha za RAW na anayerudi na mamia ya picha za harusi moja atafute darktable au RawTherapee. Hizi pia ni za bure, ingawa huchukua muda kuzizoea na huilemea kompyuta dhaifu. Photoshop na Lightroom ni nzuri, lakini hulipiwa kwa kipindi, na malipo hayo hayasubiri msimu wa harusi. Anayeanza hana haja ya kuzikimbilia.

Nakala za wizi zinazouzwa kwenye flashi zinakiuka Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Muuzaji akisema programu ya kuzuia virusi izimwe kwanza, hiyo ni dalili ya kutosha. Ndani ya kompyuta hiyo mna picha za watoto na familia za watu, ambazo mpiga picha anawajibika kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Kabla ya kupokea kazi kubwa, mpiga picha achape picha moja tu yenye nyuso za rangi tofauti, na amwombe mwenye mashine asiirekebishe. Aishike kando ya skrini. Ikitofautiana, abadilishe skrini wala si picha, kisha aandike namba za mpangilio huo kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya skrini, maana kuna siku mtoto atabonyeza vile vitufe.