Mwenzako Akiumia Mazoezini, "Jikaze" Haitoshi

Je, wewe ni mmoja wa wale wanaoamka alfajiri kukimbia kabla ya kengele ya paredi? Labda unataka kuchaguliwa timu ya shule kwenda UMISSETA. Labda unakimbia kwa ajili ya afya tu, au kwa sababu washikaji zako wote wanakimbia. Vyovyote vile, makala hii inakuhusu.

Safari hii hatutazungumzia jinsi ya kushinda. Tutazungumzia siku mbaya: siku unapoumia, siku unaposhindwa, au siku unapomwona mwenzako anachechemea na hujui umwambie nini. Soma, kisha jadili na wenzako. Mwishoni kuna maswali.

TUSEME MPO WANNE

Tuseme mpo wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, wote Kidato cha Tatu. Kila asubuhi mnakimbia kilometa tano, hadi darajani na kurudi. Kocha hamna. Mwalimu wa michezo anawasaidia, lakini naye ana vipindi vyake. Zimebaki wiki tatu kabla ya mashindano ya wilaya. Mwenzenu mmoja, yule mwenye kasi kuliko wote, ameanza kubaki nyuma. Ukimtazama vizuri, mguu wa kushoto anaukanyagia kwa woga.

"Vipi kaka, mguu?"

"Aa, kawaida tu. Misuli."

"Basi jikaze, bwana! Zimebaki wiki tatu."

Umesema kwa nia njema, hilo tunalijua. Lakini hebu fikiria: kesho akizidi kuumia, atakwambia? Hatakwambia. Ataogopa kuitwa mvivu. Ataogopa pia kupoteza nafasi yake kwenye timu. Basi atameza vidonge vya maumivu na kuendelea kukimbia. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa si kifo, ni mfupa, lakini maana ni ile ile.

MAUMIVU SI YA AINA MOJA

Kabla ya kumwambia mtu ajikaze au apumzike, ni lazima ujue anaumwa nini. Kwa kawaida mkimbiaji hupata maumivu ya namna mbili.

Kwanza, maumivu ya misuli iliyochoka. Haya huja siku moja au mbili baada ya mazoezi magumu. Mara nyingi huwa kwenye miguu yote miwili, yanasambaa, na misuli inakuwa migumu unaposhuka ngazi. Yanapungua yenyewe baada ya siku chache. Haya si ya kutisha. Tembea, kimbia polepole, kula vizuri, lala mapema.

Pili, maumivu ya kuumia. Haya huwa mahali pamoja. Unaweza kupagusa kwa kidole ukasema, "Ni hapa!" Yanazidi kadiri unavyokimbia. Baadaye yanakuuma hata ukitembea, na mwishowe hata ukiwa umelala. Yakiwa kwenye ugoko, yaani ule mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti, au kwenye mifupa ya wayo, huenda mfupa umeanza kupata ufa mdogo. Ufa huo unatokana na kuupiga mfupa kila siku bila kuupa muda wa kujijenga. Hutokea zaidi kwa mtu aliyeongeza mazoezi ghafla.

Ufa wa namna hii mara nyingi hupona kwa kupumzika kukimbia kwa wiki sita hadi nane. Ukilazimisha, mfupa unaweza kuvunjika kabisa, na hapo utakaa nje kwa miezi mingi. Vidonge vya maumivu haviponyi ufa. Vinanyamazisha kengele ya hatari tu, huku nyumba inaendelea kuungua.

Kwa hiyo rudia yale mazungumzo, safari hii hivi:

"Vipi kaka, mguu?"

"Kawaida tu. Misuli."

"Hebu nioneshe panapouma. Ni miguu yote au huu mmoja? Usiku je, unauma?"

"... Unauma. Lakini usimwambie mwalimu, ataniondoa."

"Twende wote tukamwambie. Mimi nitakuwepo."

Unaona tofauti? Umeuliza kwanza. Halafu hukumwacha peke yake. Kwenda na mwenzako kwa mwalimu, au zahanati, si umbea. Huo ndio urafiki wenyewe.

SIKU MOJA MEXICO CITY

Labda utasema, "Mbona John Stephen Akhwari hakuacha?" Swali zuri. Wengi tumekua tukisikia habari zake.

Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulioinuka zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, pumzi zinakata haraka. Walioanza mbio za marathoni walikuwa zaidi ya 70, lakini waliomaliza ni 57 tu. Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka njiani akaumia goti na bega. Akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, huku giza likianza kuingia. Watazamaji wachache waliobaki walimshangilia kama bingwa. Hadi leo anakumbukwa duniani kote.

Lakini katika mbio zile zile kulikuwa na mtu mwingine. Abebe Bikila wa Ethiopia alikuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili: Rome mwaka 1960, akikimbia bila viatu, na Tokyo mwaka 1964. Mexico City alifika akiwa na mguu mbovu. Kabla ya nusu ya safari akaacha. Bingwa wa dunia nzima akatoka barabarani! Na medali ya dhahabu ilichukuliwa na nani? Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde.

Je, Bikila alikuwa mwoga? Hakuna anayethubutu kusema hivyo. Siku ile ile mmoja alimaliza kwa heshima na mwingine aliacha kwa heshima. Tena kumbuka, ile ilikuwa Olimpiki, mashindano yanayokuja mara moja kwa miaka minne, na wote wawili walikuwa watu wazima walioamua wenyewe. Wewe una miaka 16 na mifupa yako bado inakua. Mashindano ya wilaya yatakuwepo mwakani.

ALIYEUMIA ASITOKE KUNDINI

Haya, mwenzenu ameambiwa apumzike. Kosa kubwa ambalo makundi mengi hufanya ni kumsahau. Wanaendelea na safari zao za alfajiri, yeye anabaki bwenini anaangalia dari. Kinachomuumiza kuliko mguu ni kujiona hana kazi tena.

Mpeni kazi. Ashike saa na kuhesabu mizunguko. Awaambie nani anaanza kwa pupa na nani anainamisha kichwa akichoka. Kama daktari ameruhusu, afanye mazoezi yasiyoupiga mguu, kama vile kuogelea au baiskeli. Akirudi, msimwanzishe pale alipoishia. Aanze kwa kutembea na kukimbia kidogo kidogo, na ninyi mwendeni naye.

Njia nyepesi ya kuzuia haya yote ni mwendo wa kuzungumza. Siku nyingi za wiki, kimbieni mwendo ambao mnaweza kupiga stori kwa sentensi nzima. Mtu akijibu neno moja moja huku anahema, mmezidisha. Mazoezi makali yatoshe mara moja au mbili kwa wiki, na siku moja angalau iwe ya mapumziko kamili. Aliye na homa asikimbie hata kidogo. Akapime kwanza. Aliyefunga Ramadhani msimbeze akipunguza mwendo, au mazoezi yake akiyasogeza karibu na futari.

NA KINA DADA JE?

Wako wasichana wanaopunguza kula ili wawe wepesi. Hatari! Mwili usiopata chakula cha kutosha huanza kubana matumizi. Hedhi inaweza kukoma, na mifupa inakuwa dhaifu. Dada, ukikosa hedhi kwa miezi mitatu, usifurahi kwamba umepumzika. Nenda ukamwone daktari au nesi, kwani zipo sababu nyingi na zote zinahitaji kujulikana. Wavulana nao wanaojinyima chakula hudhoofika mifupa vile vile. Kwa hiyo msiitane "mnene" mazoezini. Neno dogo kama hilo linaweza kumfanya mtu aache chakula cha mchana.

SIKU YA MBIO

Jua la saa saba si la mchezo. Mwenzako akianza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka, au kugomba bila sababu, mwili wake umepata joto la kupita kiasi. Anaweza kufa. Usimpigie makofi amalize! Msimamishe. Mpeleke kivulini, mpunguzie nguo, mmwagieni maji mengi mwili mzima na kumpepea, huku mmoja akikimbilia msaada wa kumfikisha hospitali. Msiache kumpoza mkiwa njiani. Akiwa amezimia, mlazeni kwa ubavu, wala msimnyweshe kitu.

Vilevile, anayepata maumivu ya kifua au anayezimia wakati anakimbia asirudi mazoezini mpaka daktari amemwangalia. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, na wenzake wajue inakaa wapi. Kuhusu maji, kunywa unaposikia kiu. Kujijaza maji kupita kiasi nako kuna madhara.

AKISHINDWA, UMWAMBIE NINI?

Mwenzako amemaliza wa mwisho. Amekaa chini ya mti, kichwa magotini. Usimwambie "Si kitu," kwa sababu kwake ni kitu. Usimwambie "Nilikwambia." Mpelekee maji na sweta yake. Kaa naye. Kama hataki kuongea, nyamazeni wote wawili. Mrudi pamoja.

Kesho yake, machozi yakishakauka, ulizaneni maswali matatu. Nini kilikwenda vizuri? Nini kiliharibika? Tubadilishe nini? Yeye ajibu kwanza. Mara nyingi jibu huwa dogo tu: alianza kwa kasi mno, au hakulala usiku kwa wasiwasi. Jambo dogo linarekebishika.

Na wewe uliyeshinda siku hiyo, unaruhusiwa kufurahi. Ila kumbuka nani alikuamsha saa kumi na moja alfajiri wakati mvua inanyesha na wewe ulitaka kujifunika blanketi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kundi lenu, je, mtu anaweza kusema "Leo naumwa" bila kuchekwa? Kama hawezi, nani alianzisha tabia hiyo?

2. Rafiki yako amekuomba umfichie siri ya mguu wake hadi mashindano yapite. Utafanya nini? Toa sababu.

3. Mmoja awe aliyeumia, mwingine awe rafiki. Igizeni yale mazungumzo mara mbili: kwanza kwa kusema "Jikaze," kisha kwa kuuliza. Aliyeigiza kuumia aeleze alijisikiaje kila mara.

4. Nini tofauti kati ya kuvumilia na kujiumiza? Tumieni mfano wa Akhwari na wa Bikila.

Haya, tukutane barabarani kesho alfajiri. Na ukimwona mwenzako anachechemea, punguza mwendo, umuulize.