SOMO LA AFYA: Mgonjwa wa Mapafu Afanye Mazoezi Nyumbani



Vijiji vingi vina mtu ambaye pumzi zinamsumbua. Akipanda kilima kidogo anasimama mara tatu. Akifua nguo mbili anaketi. Mwishowe anaacha kuja mkutanoni, na watu wanasema, "Mwacheni apumzike, ni mgonjwa." Wanasema hivyo kwa upendo. Lakini kupumzika kupita kiasi kunamdhoofisha zaidi. Somo la leo linaonyesha vile kikundi kinaweza kumsaidia.

Ugonjwa wenyewe

Tunazungumzia ugonjwa sugu wa mapafu. Njia za hewa kifuani zimeharibika na kuwa nyembamba, kwa hivyo hewa inatoka kwa shida. Huletwa na sigara, moshi wa kuni wa miaka mingi jikoni, na vumbi au moshi wa kazini. Wengine ni watu waliopona kifua kikuu, lakini kikawaachia makovu mapafuni. Mtu yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kwanza, ili kifua kikuu kisije kikajificha.

Kwa nini mazoezi?

Mtu akikosa pumzi anaogopa kutembea. Asipotembea, misuli ya miguu inalegea. Misuli iliyolegea huchoka upesi na hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile, basi anahema zaidi, na anaogopa zaidi. Ni kama ng'ombe anayezunguka kigingi: kamba inazidi kuwa fupi.

Mapafu yaliyoharibika hayarudi kuwa mapya. Lakini misuli inaweza kupata nguvu tena, na hapo ndipo tunapokata ile kamba.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watu wenye mapafu yaliyoachwa na makovu ya kifua kikuu walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliweza kutembea mbali kuliko mwanzo. Je, walio mbali na hospitali? Mwaka huo huo, watafiti wa Australia walichapisha habari za wagonjwa 166. Wengine walifanya mazoezi hospitalini. Wengine walifanya nyumbani kwa wiki 8: mtaalamu aliwatembelea mara moja tu, kisha akawapigia simu mara moja kila wiki. Mwisho wa wiki hizo 8, wale wa nyumbani hawakuachwa nyuma na wale wa hospitalini. Jambo hili linatufaa sisi ambao nauli ya kwenda mjini ni shida.

Kabla ya kuanza

Mgonjwa aonwe kwanza na daktari au afisa wa kliniki. Aulize: "Je, moyo wangu unaruhusu mazoezi? Nianze na kiasi gani?" Kama ana dawa ya kuvuta, aonyeshwe namna ya kuitumia sawasawa, kwa maana wengi huikosea. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa.

Mazoezi yenyewe

1. Kupumua. Avute hewa puani akihesabu moja, mbili. Aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji, akihesabu mpaka nne. Pumzi zikimbana, aketi na kuinama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti.

2. Kutembea. Achague njia tambarare. Aanze na dakika 5 au 10, akipumzika anapohitaji. Aongeze dakika chache kila wiki mpaka afike 30, siku nyingi za wiki. Mwendo mzuri ni ule ambao anaweza kuongea kidogo lakini hawezi kuimba.

3. Kuinuka kitini. Aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, ainuke na kuketi mara 5. Akizoea, afanye mara 10.

4. Mikono. Ainue chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji, mara 10, akitoa hewa wakati wa kuinua.

Kuhema kidogo wakati wa mazoezi si hatari. Mwambieni hivyo mapema, maana hofu ndiyo inayowarudisha wengi kitandani.

Kazi ya simu

Kikundi kichague mtu mmoja mpole, asiyechoka haraka. Ikiwezekana afanye kazi pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji. Amtembelee mgonjwa siku ya kwanza, wafanye mazoezi pamoja, kisha ampigie kila wiki siku ile ile. Mgonjwa asipokuwa na krediti, aflashi tu, atapigiwa. Maswali ni haya:

- Wiki hii umetembea siku ngapi, na dakika ngapi?
- Kutoka 0 mpaka 10, ulihema kiasi gani? (0 ni kutohema kabisa, 10 ni kushindwa kabisa. Kipimo kizuri ni 3 au 4.)
- Makohozi yameongezeka au yamebadilika rangi?
- Dawa unatumia kama ulivyoambiwa?
- Wiki ijayo ungependa kufika wapi?

Hilo la mwisho msilisahau. Mama akisema, "Nataka kufika dukani mwenyewe," lengo lake ni duka, si dakika. Majibu yaandikwe kwenye daftari na yawe siri.

Dalili za hatari

Aache mazoezi mara moja na apelekwe hospitali akiwa na maumivu ya kifua, akizimia au kuchanganyikiwa, midomo ikigeuka rangi ya buluu au kijivu, akikohoa damu, au akihema sana hata baada ya kupumzika. Hapa msingoje siku ya simu.

Na moshi je?

Mtu akifanya mazoezi asubuhi na jioni akaketi kwenye moshi, anajenga na kubomoa. Tumieni kuni kavu, fungueni madirisha, jengeni jiko lenye bomba la moshi, au mpikie nje. Mvuta sigara asaidiwe kuacha.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani ameacha kuja mkutanoni kwa sababu ya pumzi? Nani atamtembelea?
2. Njia gani tambarare iko karibu na kwake? Atapumzika wapi?
3. Pesa za krediti zitatoka mfuko gani kwa wiki 8?
4. Wiki 8 zikiisha, nani atatembea naye ili asirudi nyuma?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kumbukumbu, na msifunge mkutano kabla ya kukubaliana juu ya siku ya kumtembelea.