Jumanne: “Mwana wa Mungu” Masikioni mwa Jirani

Soma Luka 1:26–35. Mariamu aliuliza swali gani, na malaika alimjibuje?

Tangu utotoni Mwislamu hukariri katika swala Sura ya 112, isemayo kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Kwa hiyo asikiapo “Mwana wa Mungu,” wengi wao huelewa kwamba Mkristo anadai Mungu alikuwa na mke. Mkristo hakuamini hivyo kamwe. Wote wawili wanakataa jambo lile lile, na bado wanabishana!

Ni vyema kuanzia kwa Mariamu. Kurani nayo, katika Sura ya 19, husimulia kwamba alichukua mimba bila kuguswa na mwanamume. Swali lake katika Luka 1:34 ndilo hasa la jirani: yawezekanaje pasipo mume? Malaika hakutaja mume, bali Roho Mtakatifu.

Lugha pia husaidia. Mwananchi hakuzaliwa na nchi, na Kiarabu humwita msafiri “mwana wa njia” (Sura 2:177). Lakini mfano huu hufungua mlango tu. Yesu si Mwana kwa namna ya usemi. Yohana 1:1–14 humwonyesha akiwa na Baba tangu mwanzo. Kulificha hilo ili kumpendeza jirani ni kumnyima Mwokozi mwenyewe. Hata Petro hakulipata kwa kushindwa katika mabishano (Mathayo 16:17).

Jirani yako akikuuliza leo Mungu alimpataje mwana, utaanzia wapi? Je, utamsikiliza kwanza?