Shahidi Anapokana Madai: Mambo ya Kujua Kuhusu Dhamana ya Kabla ya Kukamatwa

Wananchi wengi huamini kwamba mlalamishi akisamehe, au shahidi mkuu akiandika kuwa alikosea, kesi ya jinai imekwisha na mshukiwa hawezi tena kukamatwa. Imani hiyo imewaponza wengi. Somo hili linaeleza jinsi sheria ya Kenya inavyolitazama jambo hilo, na hatua ambazo mshukiwa na shahidi wanaweza kuchukua kwa usalama.

Maana ya dhamana hii

Dhamana ya kawaida hutolewa baada ya mtu kukamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kama kuna sababu nzito za kumzuilia. Dhamana ya kabla ya kukamatwa huombwa mtu akiwa bado huru. Mahakama Kuu huitoa kwa mamlaka yake ya kulinda haki za kimsingi, chini ya Vifungu vya 22, 23 na 165 vya Katiba. Kwa hiyo haiombwi mbele ya hakimu.

Mwombaji hana budi kuonyesha kwamba chombo cha dola kimevunja haki zake au kinatishia kuzivunja: kwa mfano, anakamatwa na kuachiliwa mara kwa mara bila kushtakiwa, au anatishwa ili alipe deni. Hofu ya kukamatwa peke yake haitoshi.

Kukana hakufuti kesi

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya mlalamishi. Kifungu cha 157 cha Katiba kinamkabidhi Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uamuzi wa kushtaki, na hata yeye hawezi kusitisha kesi bila idhini ya mahakama. Mlalamishi anaweza kuomba kuondoa malalamiko yake kesi ikiwa mahakamani, lakini ni lazima mahakama iridhike kwamba zipo sababu za kutosha. Katika makosa ya kingono, hata uamuzi wa kusitisha uchunguzi haumo mikononi mwa mlalamishi wala polisi.

Tahadhari hiyo ina sababu. Shahidi anaweza kukana kwa kuwa alisema uongo au alimfananisha mtu gizani. Anaweza pia kukana kwa kuwa ametishwa, amehongwa au ameshinikizwa na jamaa. Karatasi ya kukana haisemi ni lipi kati ya hayo lililotokea. Isitoshe, huenda upo ushahidi mwingine, kama vile ripoti ya daktari.

Uzito wake mbele ya jaji

Chukua mfano wa mwenye duka mjini Nakuru anayedaiwa kumjeruhi mfanyakazi wake. Mashahidi wawili wanarudi kituoni kwa hiari yao na kuandikisha taarifa mpya kwamba hawakuliona tukio. Hata hivyo, afisa anaendelea kumpigia simu mwenye duka, akimtaka atoe pesa la sivyo atalala seli tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Hapa kukana kwa mashahidi kunalipa ombi nguvu, kwa kuwa kunaonyesha, pamoja na vitisho hivyo, kwamba huenda mamlaka ya kukamata yanatumiwa vibaya.

Lakini ikiwa afisa amemwita kwa barua rasmi ili aandikishe taarifa, jaji anaweza kulikataa ombi hata kama mashahidi wote wamekana. Kuchunguza ni wajibu wa polisi, na wito halali hauvunji haki ya mtu.

Hatua za kuchukua

1. Usimwendee shahidi, wala usimtume mtu kwake. Kumshawishi shahidi ni kosa la jinai, na kunaweza kukunyima dhamana.
2. Itikia wito wa polisi ukiwa na wakili, na utunze barua, ujumbe wa simu na tarehe za matukio.
3. Eleza vitisho hivyo katika hati ya kiapo, ukitaja nani alisema nini na lini.
4. Usiyekuwa na uwezo wa kumlipa wakili, omba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.
5. Nawe shahidi, ukitaka kurekebisha maelezo yako, nenda mwenyewe kituoni na utaje sababu. Tafuta ushauri wa wakili kwanza, kwa kuwa kuwapa polisi habari za uongo ni kosa. Ukiwa umetishwa ili ukane, unaweza kuomba hifadhi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi.

Mipaka ya dhamana hii

Dhamana hii haizuii uchunguzi wala mashtaka. Mahakama inaweza kukuagiza ufike kwa mpelelezi siku maalumu na kujiepusha na mashahidi. Ukishafikishwa mahakamani, suala la dhamana litaamuliwa upya na mahakama inayosikiliza kesi. Hapo ndipo pia ukweli wa kauli mbili za shahidi, ya kwanza na ya pili, utakapopimwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini msamaha wa mlalamishi haumalizi kesi ya jinai?
2. Mbali na kukana kwa mashahidi, mwombaji anapaswa kuithibitishia Mahakama Kuu nini?
3. Shahidi aliyetishwa ili akane afanye nini?