Jiwe Ling'aalo: Je, ni Metali?

Mawe mengi ya Tukuyu yalitoka katika volkano, kama ile ya Mlima Rungwe. Ukilivunja jiwe jeusi la huko, huenda ukaona punje zinazometameta. Punje hizo ni fuwele za madini, wala si metali. Nyuso zake laini hurudisha nuru kama kioo.

Dhahabu ni madini, tena ni metali. Iligunduliwa Lupa, wilayani Chunya, mwaka 1922. Lakini katika miamba ya huko mna pia pairiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano. Hiyo imewalaghai watu wengi!

Jaribio: Mwalimu akiwa karibu, funika kipande kidogo kwa kitambaa, kisha kigonge kwa nyundo. Dhahabu hubonyea ikawa bapa, pairiti huvunjika. Kwaruza kipande kingine juu ya kigae kisichong'arishwa. Dhahabu huacha mstari wa manjano, pairiti mstari mweusi wenye ukijani. Ulanga hauhitaji nyundo: hubambuka kwa ukucha, tabaka kwa tabaka.

Swali: Mtoto aliokota kitu cha manjano kando ya mto Kiwira. Alipokigonga kilisagika kuwa unga mweusi. Je, akipeleke kwa sonara?