Sinia la Vitafunio kwa Wageni: Nafuu na Salama
Mlaji anayeandaa sinia la soseji, nyama iliyosindikwa na jibini tunamshauri alinganishe bei kwa uzito, si kwa ukubwa wa pakiti. Kwa mfano, gramu 200 kwa shilingi 6,000 ni sawa na shilingi 30,000 kwa kilo. Gramu 500 kwa shilingi 12,500 ni shilingi 25,000. Nyama iwe kidogo. Sinia lijazwe kwa matango, karoti, maembe na mkate. Bei ikipunguzwa, isomwe kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyama na jibini vihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5, visikae mezani zaidi ya saa 2. Vikizidisha muda huo vitupwe. Gharama ya matibabu huzidi bei ya soseji.